Mwani na kisukari: maswali yenu

Shikamoo dokta. Nalima mwani huku Paje. Wanaonunua unga wangu wananiuliza kama unatibu kisukari. Niwajibu nini?

Marahaba, mwanangu. Waambie ni chakula kizuri. Usiwaambie ni dawa.

Utafiti unaotajwa zaidi unahusu mwani wa kahawia. Mwani huo una florotanini, kemikali zake za asili, ambazo huvidhibiti vimeng'enya vinavyovunja wanga. Ugali ukivunjwa polepole tumboni, sukari nayo huingia kwenye damu polepole. Ndivyo ifanyavyo akabosi, kidonge cha kisukari anachomeza mgonjwa pamoja na tonge la kwanza. Maabarani, florotanini zinafanya kazi hiyo vizuri. Kwa binadamu, majaribio mengi yamekuwa madogo na majibu yake hayalingani.

Sasa, spinosamu na kotonii unazofunga kwenye kamba zako ni mwani mwekundu, hauna florotanini. Wako una karajinani. Chemsha mwani, uache upoe, utaona maji yameganda kama uji uliolala. Hiyo ndiyo karajinani. Ni nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi za ute namna hiyo husaidia sukari isipande ghafla baada ya kula. Ni faida ya kweli, ila ni faida ya chakula, kama ya bamia.

Mama yangu ana miaka 61, anatumia metformini, vidonge vya kisukari. Jirani kamwambia aache vidonge, anywe juisi ya mwani asubuhi na jioni.

Asiache, tafadhali. Sukari iliyopanda mara nyingi haiumi. Inaharibu macho, figo na miguu kimyakimya, na mama atajiona mzima huku anaumia. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea, galega, lakini wagonjwa hawatafuni majani yake: wataalamu walitengeneza dawa, wakaipima, wakajua kiasi kinachofaa. Mwani haujafika hapo. Na hiyo juisi, someni kibandiko, maana nyingine zimetiwa sukari. Akitaka kuijaribu kama kinywaji, apime sukari kabla na saa mbili baadaye, aandike, daftari alipeleke kliniki.

Kijana wangu wa miaka 14 anachoma insulini. Mwani unaweza kumwondolea sindano?

Hapana. Katika kisukari cha aina ya kwanza kongosho halitoi insulini ya kumtosha, na hakuna mwani wa kuitoa badala yake. Akikosa sindano, akaanza kutapika na kuhema kwa kasi, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Niko Muscat, nimeletewa mwani mkavu wa Kijapani aina ya kombu. Nile kiasi gani?

Kidogo sana, ndugu yangu, na si kila siku. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za madini joto kwa siku; gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kuzidi hapo mara kadhaa, na tezi ya shingo ikavurugika. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa tezi wamuone daktari kwanza. Ukipewa hijiki, ule mweusi wenye vijiti vyembamba, usile kabisa: una sumu ya aseniki nyingi.