Maswali na Majibu: Nimkabidhi nani kazi ya SEO ya kliniki yangu?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninaendesha kliniki ndogo ya meno inayotegemea wagonjwa wa eneo letu. Tovuti tunayo, lakini mtu akitafuta huduma zetu kwenye Google tunatokea mbali sana, na kwenye ramani hatuonekani kabisa. Kampuni tatu za SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya utafutaji, zimeniletea mapendekezo. Ya kwanza inaahidi kwa maandishi nafasi ya kwanza ndani ya siku 30, na inasema itarudisha fedha ikishindwa. Ya pili inaahidi viungo 500 kila mwezi kutoka tovuti nyingine kuja kwetu. Ya tatu haijaahidi chochote. Imeniuliza maswali mengi, kisha ikaomba ruhusa ya kuona takwimu za tovuti. Mimi si mtu wa kompyuta. Nitaitambuaje iliyo ya kuaminika?

JIBU: Ndugu msomaji, sikushauri utie saini leo na yeyote kati yao, ila ile ya tatu ndiyo pekee iliyoanza kazi kwa namna unayoifahamu wewe mwenyewe kitaaluma: imetaka kumwangalia mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Hizo nyingine mbili zimekutajia tiba kabla hujafungua kinywa.

Nianze na ahadi ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe, katika mwongozo wake kwa wenye tovuti, inasema wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Kwa biashara ya eneo jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu matokeo ya kwenye ramani hupangwa kwa mambo makuu matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na jinsi inavyojulikana. Hilo la umbali hakuna kampuni inayoweza kulibadilisha. Mgonjwa aliye mitaa miwili kutoka kliniki yako na mwingine aliye upande wa pili wa mji wakiandika maneno yale yale, kila mmoja ataletewa orodha yake. Kwa hiyo anayekuahidi nafasi ya kwanza mwulize ni kwa maneno gani, na kwa mtu aliyesimama wapi.

Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha thamani ya ahadi ya kurudishiwa fedha. Mara nyingi mkataba wa namna hii humwachia wakala, yaani kampuni ya SEO, uchaguzi wa maneno, naye huchagua yasiyo na mshindani: jina la kliniki yako likifuatiwa na jina la mtaa, au sentensi ndefu ambayo hakuna mgonjwa atakayeiandika maishani mwake. Siku ya 30 utatumiwa picha ya skrini ikikuonyesha uko juu kabisa, na kwa mujibu wa maandishi ahadi itakuwa imetimizwa. Wapo pia wanaonunua tangazo la kulipia, likatokea juu ya matokeo ya kawaida, wakaliita mafanikio ya SEO. Tangazo si kosa, lakini linatoweka siku malipo yanapokoma, na lina bei yake inayopaswa kutajwa kwa jina lake. Nafasi katika matokeo ya kawaida ya ramani hainunuliwi. Google haipokei malipo kwa ajili hiyo.

Viungo 500 kwa mwezi vina historia yake. Larry Page na Sergey Brin walipoieleza Google mwaka 1998, moja ya nguzo zake ilikuwa kuhesabu kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kama aina ya kura, na uzito wa kura ukitegemea hadhi ya anayeipiga. Penye kura hapakosi wanunuzi wa kura. Mwaka 2006 tovuti ya Ujerumani ya BMW iliondolewa kwenye matokeo ya Google kwa kutumia kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuihadaa injini ya utafutaji, na mwaka 2011 gazeti la The New York Times lilifichua viungo vya kununua vilivyokuwa vikiinyanyua tovuti ya duka la J.C. Penney la Marekani, ambayo baadaye ikaporomoka. Aprili 2012 Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga hasa viungo vya namna hiyo, na tangu Septemba 2016 yamekuwa sehemu ya mfumo wake mkuu. Siku hizi viungo vingi vinavyouzwa kwa jumla hupuuzwa tu, maana yake unalipia kitu kisicho na kazi. Vikizidi, mkaguzi wa Google anaweza kuiadhibu tovuti, na adhabu hiyo huiangukia tovuti yako wala haimgusi aliyevipanda. Kiungo kimoja kutoka chama chenu cha kitaaluma, au kutoka shule ambako mliwahi kutoa somo la afya ya kinywa, nakithamini kuliko hivyo 500.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote: umiliki. Niliwahi kuitwa kuisaidia biashara iliyotaka kuachana na wakala wake baada ya miaka kadhaa. Tulipofungua mafaili tukakuta jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, limesajiliwa kwa jina la wakala, wasifu wa biashara kwenye ramani uko chini ya barua pepe ya mfanyakazi wake aliyekwisha kuacha kazi, na takwimu zote zimo katika akaunti ambayo mwenye biashara hakuwahi kuiona. Kazi ya SEO yenyewe haikuwa mbaya. Lakini mteja hakuweza kuondoka bila kuacha nyuma anwani yake, maoni ya wateja wake na kumbukumbu zake, na wakala alilijua hilo kila yalipofika mazungumzo ya bei.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote, hakikisha jina la kikoa limesajiliwa kwa jina la kliniki na kwa barua pepe unayoidhibiti mwenyewe. Katika wasifu wa biashara wa Google, wewe uwe mmiliki mkuu na wakala awe meneja. Meneja anaweza kuhariri saa za kazi, kuweka picha na kujibu maoni, lakini hawezi kuwaondoa wamiliki wala kuufuta wasifu. Katika Google Search Console, chombo cha bure kinachokuonyesha jinsi Google inavyoiona tovuti yako, kuna ngazi ya mmiliki, ya mtumiaji kamili, na ya mtumiaji mwenye ruhusa finyu ambaye huona takwimu nyingi bila kubadilisha mambo. Kampuni ya tatu ikiwa imeomba ngazi hii ya mwisho, imeomba kinachostahili. Ikiwa imeomba nenosiri lako, kataa na uieleze sababu, kwani kila mojawapo ya huduma hizi ina njia ya kumwongeza mtu kwa akaunti yake mwenyewe.

Jambo linalofuata ni ripoti, kwa sababu hapo ndipo asiye mtu wa kompyuta hupotezwa kirahisi. Tuseme wakala anakuletea karatasi inayosema mibofyo kutoka Google imepanda kutoka 200 hadi 320 kwa mwezi. Fungua Search Console mbele yake, nenda kwenye ripoti ya utendaji, kisha weka kichujio kinachoondoa maneno yote yenye jina la kliniki. Kama mibofyo iliyobaki imetoka 40 hadi 45, basi karibu ongezeko lote limetokana na watu waliokwisha kukufahamu, labda kwa sababu ya bango jipya mlilotundika nje. Kama imetoka 40 hadi 150, na maneno yenyewe ni kama kung'oa jino au maumivu ya fizi, hapo pana kazi iliyofanyika. Linganisha na mwezi kama huo wa mwaka uliopita badala ya mwezi uliotangulia, maana chombo hicho hutunza takwimu za miezi 16 na mahitaji ya watu hubadilika kwa misimu. Zoezi zima halizidi dakika tano. Wakala mwaminifu atalifurahia, na nimeona wengine wakianza ghafla kuzungumzia ugumu wa teknolojia. Mwambie na mtu wa mapokezi amwulize kila mgonjwa mpya alikufahamuje, kwa sababu mibofyo haikai kwenye kiti cha matibabu.

Ukikutana nao, waulize pia wanashughulikiaje maoni ya wateja. Anayekwambia atakuletea maoni mazuri 50 anakusudia kuyatunga au kuyanunua. Google inakataza yote mawili, inakataza hata kumpa mgonjwa punguzo la bei ili aandike, na kwa kliniki aibu yake ni kubwa kuliko adhabu yenyewe. Waulize watabadilisha nini katika jina la biashara kwenye ramani: jina linapaswa kuwa lile lililo mlangoni, na kulirefusha kwa maneno ya huduma na mitaa ni njia ya kujitafutia kusimamishwa. Waulize nani ataandika kurasa. Tangu Machi 2024 sera za Google dhidi ya udanganyifu zinataja waziwazi maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kupandisha nafasi, yawe yameandikwa na mashine au na mtu. Kurasa 20 zinazofanana neno kwa neno, isipokuwa jina la mtaa tu, ni mtego wa zamani ambao biashara za eneo bado huuziwa kama jambo jipya.

Kuhusu muda, wataalamu wa Google wenyewe wamewahi kueleza kwamba mara nyingi SEO huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja tangu maboresho yaanze mpaka faida ionekane. Siku 30 zinatosha kusahihisha saa za kazi na anwani, kufungua kurasa zilizofungwa kwa bahati mbaya, na kuanza kuandika. Hilo lisikufanye utie saini mkataba wa mwaka mzima usiovunjika. Nunua kwanza uchunguzi wa tovuti peke yake, kwa bei yake, na matokeo yawe mali yako hata ukienda kufanya kazi na mwingine. Uchunguzi wa kweli hutaja ukurasa kwa ukurasa: ukurasa wa kuziba meno una agizo linaloizuia Google isiuonyeshe, namba ya simu ya kwenye tovuti haifanani na ya kwenye ramani, picha za ukurasa wa mwanzo ni nzito mno kwa simu. Ukiletewa kurasa 60 za alama nyekundu na kijani zilizotemwa na programu, bila mtu kueleza lipi lianze na kwa nini, hujaletewa uchunguzi.

Kila kampuni itakupa majina ya wateja wake walioridhika, na hao utazungumza nao. Mimi huomba pia mteja mmoja aliyeondoka. Namwuliza jambo moja tu: siku ya kuondoka, ulikabidhiwa akaunti zako zote?

Kwa hali yako, basi, ya kwanza na ya pili ziache. Ya tatu iambie unataka uchunguzi tu kwa sasa, kwa ruhusa ile finyu ya kuangalia. Ikikubali, utakuwa na karatasi ya kuijadili nayo. Ikikataa na kudai mkataba mzima kwanza, tafuta ya nne.