Kanga na chungwa: kinachopinda si nafasi peke yake

Mwalimu mwenzangu, unauliza kama mfano wa kanga, tunaoutumia kueleza uvutano kwa nadharia ya Einstein, unaonyesha kwa nini jiwe huanguka. Hapana mwalimu, kinacholiangusha jiwe si nafasi (yaani anga lenye urefu, upana na kimo) kubonyea kama kanga iliyowekewa chungwa katikati. Karibu na uso wa Dunia, kazi kubwa inafanywa na muda wenyewe kupinda: saa ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Kati ya Moshi mjini (kama mita 900) na kilele cha Uhuru (mita 5,895) tofauti ni karibu sehemu 47 za bilioni ya sekunde kwa siku. Ni ndogo mno, lakini mwaka 2010 saa za atomiki huko Marekani ziliona tofauti ya aina hiyo kwa saa moja kupandishwa sentimita 33 tu!

Nafundisha fizikia sekondari hapa Moshi, na kanga siiachi. Wanne washike pembe, gololi izunguke, watoto wanaona njia ya sayari inavyopinda. Ila kuna atakayeuliza: chungwa lenyewe linavutwa chini na nini? Ni uvutano uleule tunaotaka kuueleza. Mwambie wazi kwamba huo ni mfano tu. Darasa la sita unawatosha; kidato cha tatu anza na saa.