Maswali na Majibu: Linki ya gesti yako si marejeo

Safari hii barua karibu zote zinahusu Wikipedia ya Kiswahili, ambayo baadhi yetu hapa Kigoma tunaihariri kwa kujitolea, usiku, bando likiwepo. Nimechagua zile zinazogusa ugonjwa mmoja: watu kujitangaza, na watu kuwa mashahidi wa madai yao wenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Nina gesti Mwanga. Nimeweka linki ya tovuti yangu kwenye makala ya Kigoma mara tatu, na mara tatu imetolewa. Kwani mji huu si wetu sote?
*Mwenye gesti, Mwanga, Kigoma*

Marahaba. Mji ni wetu sote, na ndiyo maana linki imetolewa. Makala ile ni ya kumweleza mtoto wa Kibondo au msomaji wa Lindi kwamba reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914, na kwamba ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, likizidiwa na Baikal peke yake duniani. Nikiiacha gesti yako pale, kesho sina neno la kumwambia mwenye gesti wa Gungu, wala wa Katubuka, wala wa Ujiji.

Nimefungua historia ya ukurasa nikaona ulivyofanya. Mara ya kwanza uliiweka chini, kwenye "Viungo vya nje". Mara ya pili ukaiingiza katikati ya sentensi inayozungumzia bandari. Mara ya tatu ukaificha kwenye "Marejeo", tovuti ya gesti ikawa ndiyo shahidi wa idadi ya wakazi. Hiyo ya tatu imenikera kweli. Tangazo likiwa chini, nasema mtu hajui taratibu. Likiwekwa mahali pa ushahidi, msomaji anadanganywa.

Na faida unayoitafuta haipo. Wako vijana wanaouza huduma ya "kupandisha tovuti Google", wanamwambia mteja kwamba linki ya Wikipedia inapandisha. Viungo vya nje vya Wikipedia vina alama ya kiprogramu inayoiambia mitambo ya utafutaji isivihesabu. Google ilitangaza alama hiyo mwaka 2005, na Wikipedia ya Kiingereza ikaiweka kwenye viungo vyake vyote vya nje Januari 2007, kwa sababu hii hii ya matangazo. Kama ulimlipa mtu akuwekee, mdai hela yako. Ukiendelea, anwani ya tovuti itaingia katika orodha ya spamu ya pamoja, yaani orodha ya tovuti zilizozuiwa kwa matangazo, na huko haiwekeki tena katika Wikipedia ya lugha yoyote.

Gesti yako iandikishe kwenye ramani za Google, kule ndiko kwake. Na kama unataka kuusaidia mji, piga picha nzuri za stesheni na za mwalo wa Kibirizi asubuhi dagaa wanapoanikwa, uzitoe kwa leseni huru. Picha hizo tunazihitaji sana.

Je, kuweka namba ya WhatsApp ya biashara kwenye makala kunaruhusiwa?
*Msomaji, Nzega*

Hapana. Nimelijibu hili mara nyingi mno, sitalijibu tena.

Mimi ni mzaliwa wa Urambo. Niliandika katika blogu yangu habari za Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, kama nilivyosimuliwa na babu, kisha nikaziingiza Wikipedia nikiweka blogu hiyo kama marejeo. Zimefutwa, nimeambiwa chanzo si huru. Nani anamjua Mirambo kuliko sisi?
*Mwalimu mstaafu, Urambo*

Shikamoo mzee wangu. Swali hili nimekaa nalo siku tatu.

Zimefutwa kwa sababu aliyetoa dai na aliyelithibitisha ni mtu mmoja. Ukienda baraza la kata na mgogoro wa shamba, wajumbe watakusikiliza vizuri, halafu watauliza: nani mwingine anaujua mpaka huu? Hawakuiti mwongo. Wanataka jirani ambaye shamba halimhusu.

Wala si wewe tu uliyekutwa na hili. Mwaka 2012 mwandishi Mmarekani Philip Roth alitaka kusahihisha makala ya Kiingereza kuhusu riwaya yake mwenyewe, akaambiwa vinahitajika vyanzo vingine. Akaandika barua ndefu ya wazi, ikachapishwa na jarida la The New Yorker, na baada ya hapo maelezo yake yakaingia kwenye makala. Alichokisema hakikubadilika hata neno. Tofauti ni kwamba sasa kilikuwa kimepita mikononi mwa mhariri ambaye angeweza kukikataa. Hapo ndipo chanzo kinapopata uzito, pale mtu mwingine alipokuwa na uwezo wa kusema hapana. Blogu yako haina wa kukuambia hapana. Inafaa kutajwa kwa jambo dogo linalokuhusu mwenyewe, mfano mwaka ulioanza kufundisha. Kwa habari za Mtemi haifai.

Sasa niseme langu. Kanuni hii naisimamia, lakini inatuumiza sisi kuliko inavyowaumiza Wazungu, na wenzangu wanaoifuata bila kuliona hilo wanakosea. Mtazame Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone. Mwaka 1871 alipofika Tabora aliingia vitani upande wa Waarabu dhidi ya Mirambo, wakashindwa, akakimbia. Alichoandika juu ya Mirambo wakati ule ni maneno ya adui. Mwaka 1876 wakakutana, wakachanjiana damu, na lugha yake ikageuka kuwa ya sifa. Maandishi yote hayo yanakubalika kama marejeo kwa kuwa yamechapishwa. Babu yako, ambaye hakuwa na sababu ya kuuza gazeti, hakubaliki. Adui amechapishwa, mjukuu hajachapishwa. Mwaka 2011 ulifanyika mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi mazungumzo ya watu na kuyatumia kama marejeo ya Wikipedia. Kanuni haikubadilika. Mimi naona mlango ule ulifungwa mapema.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza soma waliokutangulia: Norman Bennett alichapisha maisha ya Mirambo mwaka 1971, na katika matoleo ya Tanganyika Notes and Records, yaliyoanza 1936, utakuta mengi ya Unyamwezi. Utaona wapi babu anakubaliana nao na wapi anawapinga. Pale anapowapinga ndipo penye mali. Andika nani alisimulia, lini, kijiji gani, kwa Kinyamwezi au Kiswahili, kisha peleka kwa mhariri wa jarida la historia au kwa mhadhiri wa chuo kikuu. Atakusumbua kwa maswali, mvumilie. Ikichapishwa nitumie, nitaiingiza mimi mwenyewe na jina lako litakaa kwenye marejeo.

Na tafadhali, usimwambie mpwa wako afungue akaunti nyingine akutetee kwenye ukurasa wa majadiliano. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wanazitambua akaunti za namna hiyo, zinafungwa zote, na yako halisi inakwenda nazo.

Kwenye makala ya Ujiji kuna mtu anaandika kuwa Stanley alikutana na Livingstone 10 Novemba 1871, mwingine anarudisha Oktoba. Nani yuko sahihi? Na ile salamu ya Stanley maarufu, "Dr. Livingstone, I presume?" (Dk. Livingstone, bila shaka?), ina ushahidi?
*Mwanafunzi, Tabora*

Tarehe 10 Novemba ni ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba, na mzee yule alikuwa amepotewa na hesabu ya siku, kama ilivyotarajiwa kwa mtu mgonjwa aliyekaa miaka porini. Hesabu ya Stanley nayo wanahistoria wameitilia shaka. Mhariri mzuri haamui ugomvi huo. Anaandika: kwa mujibu wa Stanley ni hivi, kwa mujibu wa Livingstone ni hivi. Acheni kufutiana.

Salamu ndiyo kisa kinachofaa kufundishwa darasani. Aliyetuambia kwamba ilitamkwa ni Stanley mwenyewe. Livingstone hakuiandika. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano ule zilichanwa, na mwandishi wa maisha yake Tim Jeal anaamini maneno yale aliyatunga baadaye. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, ametumwa kutafuta habari ya kuuzwa, na yeye ndiye shahidi wa maneno yake matamu kuliko yote. Mwenye gesti wa Mwanga hajafanya kipya. Kwa hiyo kwenye makala yaandikwe "Stanley alidai alisema", basi. Neno "alidai" lina herufi sita tu na linalinda makala nzima.

Nawaomba pia mnaotumia jiwe la kumbukumbu la Mugere, kusini mwa Bujumbura, kama ushahidi kwamba walikutana Burundi, muache. Walifika pale wote wawili baadaye, Novemba 1871, katika safari yao ya kaskazini mwa ziwa, wakitokea Ujiji.

Meli ya MV Liemba ni ya 1913 au 1915?
*Abiria wa zamani, Kigoma*

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mnaobadilishiana miaka hiyo miwili mnagombania sentensi mbili tofauti.

Kuna kampuni inataka kunilipa niiandikie makala. Ni halali?
*Kijana mwenye kompyuta, Tabora mjini*

Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi yanakutaka utangaze wazi nani anakulipa na kwa kazi ipi, kwenye ukurasa wako wa mtumiaji au kwenye majadiliano ya makala. Ukilipwa ukanyamaza umevunja masharti, hata kama kila neno ni la kweli. Mimi nakushauri uikatae. Kampuni hailipi ili iandikwe kesi yake ya wafanyakazi wasiolipwa. Inalipa ili isiandikwe.

Tena ujihadhari, na uwaambie wafanyabiashara unaowajua. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga akaunti 381 za kundi moja lililokuwa likiwafuata watu ambao makala zao zimekataliwa, likijifanya wahariri wazoefu na kuomba hela ili makala ipite, kisha hela nyingine ili "ilindwe". Hakuna mkabidhi anayepokea malipo ya kulinda ukurasa. Ukipigiwa simu ya hivyo, kata.

Mimi ni msanii chipukizi wa Kasulu. Nijiandikie ukurasa?

Usijiandikie. Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza wa Wikipedia yenyewe, alihariri makala inayomhusu mwaka 2005, akaonekana, na akasema hadharani kuwa amejutia.

Niliweka marejeo ya gazeti kabisa, si blogu, na bado yamekataliwa. Mnataka nini?
*Msomaji, Sikonge*

Nimelisoma gazeti hilo. Aya yake ya pili imenakiliwa kutoka makala yetu hiyo hiyo, hadi kosa letu la tahajia limo. Makala ilikuwa na dai lisilo na chanzo, mwandishi akalibeba, na wewe umelirudisha likiwa limevaa nguo ya gazeti. Nimeshuhudia jambo hili kwa macho yangu: dai la kubuni kuhusu jina la mtaa mmoja hapa Kigoma lilisomwa redioni, likachapwa, na sasa watu wazima wananibishia kwa kunionyesha gazeti. Kabla ya kuweka marejeo, fungua historia ya ukurasa uone dai liliingia lini. Likiwa limeingia kabla ya gazeti kutoka, lishuku gazeti.

Makala ya Uvinza ni mbegu, yaani makala changa, ya sentensi chache. Sina kampuni, sina gesti, nataka tu kuikuza. Nianzie wapi?
*Msichana wa kidato cha sita, Uvinza*

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Anza na sensa ya 2022: Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967, na takwimu za wilaya yako na kata zake zimo katika ripoti hiyo hiyo. Kisha ingia kwenye chumvi. Sutton na Roberts walichapisha mwaka 1968 utafiti juu ya chumvi ya Uvinza, wakionyesha kwamba watu wameichemsha pale tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Andika kwa maneno yako, usinakili, na kila aya uipe marejeo yake. Kama nyumbani kwenu kuna anayefanya kazi kiwandani, usimnukuu, lakini muulize maswali yatakayokuonyesha cha kutafuta vitabuni. Ukikwama niandikie.