Usaili wa kwanza wa kuigiza: usikariri kilio

Mdogo wangu, umeuliza ujiandae vipi: Jumamosi una usaili wa tamthilia pale Sinza, umepewa ukurasa mmoja wa maneno, na hujawahi kuigiza zaidi ya michezo ya shuleni. Mimi nimeshaenda kwenye saili zaidi ya kumi hapa Dar na nyingi nimepigwa chini, kwa hiyo haya ni ya mtu aliyeanguka sana.

Siku yangu ya kwanza nilipewa niigize mume anayerudi usiku kumwambia mkewe, "Nimeuza kile kiwanja cha Chanika." Nilikariri wiki nzima, mpaka pa kuvuta pumzi, pa kupiga magoti na pa kulia. Nililia kweli, machozi yakashuka, nikajiona nimemaliza kazi. Dairekta akaniangalia, akasema, "Sawa. Rudia, ila mama yako mzazi amelala chumba cha pili, asisikie." Nikaanza kwa kunong'ona. Kufika mstari wa tatu sauti ikapanda yenyewe, magoti yakashuka yenyewe, kilio kile kile. Mwili ulishazoea njia moja tu. "Asante, tutakupigia." Mpaka leo.

Nilidhani wamenionea. Rafiki yangu aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, ndiye aliyenipa ukweli: ile mara ya pili ndiyo usaili wenyewe. Mara ya kwanza wanatazama ulichokuja nacho, ya pili wanatazama kama unaelekezeka, maana siku ya kurekodi hakuna wa kukubembeleza. Akaniachia swali la Stanislavski, yule Mrusi aliyefundisha uigizaji: mhusika anataka nini? Mimi nilikuwa nimejiuliza anajisikiaje tu. Yule mume kulia hakumsaidii kitu, anachotaka ni mkewe asifunge mizigo. Ukishakijua anachokitaka, unaweza kukitafuta kwa kunong'ona, kwa utani, hata kwa ukali.

Kwa hiyo maneno yashike makavu, bila mikogo. Siku hizi nayasema nikiosha vyombo, harakaharaka kama naagiza chapati, mpaka yatoke bila kuyawaza. Halafu naigiza ukurasa ule ule mara tatu, kila mara kivingine. Simu naiegemeza kwenye chupa ya chai inirekodi, na dada ananisomea upande wa pili. Huyo anayekusomea mwambie asiigize kabisa, kwa sababu Jumamosi huenda ukasomewa na kijana aliyechoka, jicho moja kwenye simu yake. Ndiye mkeo huyo, msikilize hivyo hivyo alivyo. Ukiitazama video utashangaa: nyusi zikipanda kidogo tu zinaonekana. Ile sauti ya kuwafikia waliokaa nyuma ukumbini iache nyumbani.

Ukiingia watakuambia ujitambulishe: jina, umri, unakoishi, kisha ugeuke kushoto na kulia. Hapo ndipo unapoitazama kamera. Ukianza kuigiza, macho yawe kwa anayekusomea, labda wakuambie vingine. Karatasi ishike hata kama umeyahifadhi yote. Ukipotea, chungulia uendelee. Kuomba kuanza upya mara moja si dhambi, mara tatu unawachosha.

Nguo, rangi moja iliyotulia. Shati la mistari myembamba huchezacheza kwenye kamera. Na jasho! Mwendokasi wa asubuhi unaujua mwenyewe. Mimi shati la usaili nalibeba kwenye mfuko, nafika mapema, nakaa kivulini nusu saa ndipo navaa.

Hela: ukiambiwa ulipie fomu au "nafasi", geuza. Na ukiambiwa usaili wako utafanyika gesti, jioni, uje peke yako, usiende, hata aliyekuita awe na jina kubwa namna gani. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Nawaambia na wa kiume pia, wanaodhani haliwahusu.

Ukimaliza, shukuru utoke. Usimtumie dairekta ujumbe kila asubuhi, nimewahi kufanya hivyo na naona aibu mpaka sasa.

Mimi walinipigia kwenye usaili wa nne, wiki tatu baadaye, nilishasahau. Nikapewa fundi bomba mwenye mstari mmoja: "Koki imekufa hii, mama." Nilikwenda nao kila pembe, mpole, mjeuri, mwenye haraka. Tamthilia ilipotoka nikaita ndugu wote sebuleni, kumbe walipohariri wamebakiza mgongo wangu na spana.