Bei ya dawa nayo ni usalama
Kaka, umeuliza mbunge anatakaje bei ya dawa ishuke na papo hapo ukaguzi ukazwe, ukiona moja linaharibu jingine. Mimi naona mheshimiwa yuko sawa. Njoo hapa Ngamiani, Tanga, ukae nusu saa kwenye duka la dawa. Mtu kaandikiwa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kutwa mara tatu kwa siku tano, vidonge 15, ananunua 6 kwa sababu ndiyo hela aliyonayo. Homa ikitulia kidogo anaacha, na vijidudu vilivyobaki vinazoea dawa. Hiyo ni bei inayoumiza, hata kama kidonge chenyewe ni halali kabisa.

Na aliyeshindwa dukani ndiye anayenunua kwa mchuuzi wa mkobani, dawa imekaa juani mchana kutwa na joto hili letu la Tanga. Shangazi yangu alinunua za presha hivyo, hazina boksi wala tarehe ya mwisho. Nililia siku ile.

Ukifika dukani, omba dawa kwa jina lake halisi, si jina la kampuni. Amlodipini, dawa ya presha, ni amlodipini tu, na yenye jina la kibiashara linalovuma mara nyingi ni ghali zaidi. Mradi iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Dai risiti, maana ukipewa mbovu ndiyo ushahidi wako.