Jibu: Mizani ya taarabu haitimii 16

Habari ndugu. Umesema wiki nzima umesikiliza taarabu ya zamani na kunakili maneno, lakini ukihesabu mizani (silabi) unapata 15 hapa, 18 pale, badala ya 16 kwa mshororo (mstari wa shairi).

Anza na herufi m. Mimi nilikwama hapo muda mrefu. Chukua mshororo huu niliotunga sasa hivi:

Mgeni njoo upesi, mbuzi amekimbilia

M ya "mgeni" inasimama peke yake: m-ge-ni, mizani 3. Ya "mbuzi" imeshikana na b: mbu-zi, 2. Na "njoo" ni njo-o, usiimeze o ya mwisho. Ukwapi (kipande cha kwanza) 8, utao (kipande cha pili) 8.

Ukizidi, huenda umenakili sauti ya mwimbaji badala ya maneno ya mtunzi. Waimbaji huvuta irabu, huongeza "ee", hurudia kipande ili waende na fidla. Ondoa hayo yote. Halafu chunguza maneno uliyoyanyoosha mwenyewe: mtunzi kasema "alonipa", wewe ukaandika "aliyenipa", tayari mizani imeongezeka. Alikata makusudi, na utamu wenyewe uko hapo!

Hesabu kwa kupiga kofi ukisoma, usiimbe. Ikiwa mishororo yote inakupa idadi moja, tuseme 12, usilazimishe 16. Taarabu ina bahari (aina za mashairi) nyingi, na utenzi huwa na 8 kwa kipande.

Weka hapa ubeti unaokusumbua zaidi, tuuhesabu pamoja.