Saklipu ya mshazari ndani ya giaboksi ya otomatiki

SWALI: Assalamu alaykum, bwana fundi. Ninaendesha karakana ndogo ya magari ya zamani ya Kimarekani hapa Maskati, na nimefungua giaboksi ya Turbo Hydra-Matic 400 ya pikapu ya GMC ya miaka ya 1970. Saklipu (pete ya chuma inayojitanua mfuoni ili kuzuia kipande kisitoke) niliyoitoa juu ya kiegemeo cha kati, yaani kipande kinachobeba sehemu za katikati ya giaboksi, ni bapa pande zote mbili, lakini niliyoletewa pamoja na vipuri vipya ina ukingo uliochongwa mshazari upande mmoja. Je, nirudishe ile ya zamani, ambayo bado ni nzima, au nifunge hii mpya, na upande upi utazame juu?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Funga ile ya mshazari, kwa sababu ndiyo inayoagizwa na kitabu cha huduma kwa mahali hapo. Giaboksi ikiwa imesimamishwa upande wa pampu juu, uso bapa wa saklipu hulala juu ya kiegemeo, mshazari hutazama juu, na mdomo wake, yaani mwanya kati ya ncha zake mbili, huwekwa karibu na pini inayoshikilia ukanda wa mbele. Mshazari huo hufanya kazi ya kabari: kadiri saklipu inavyojitanua ndani ya mfuo wake, ndivyo inavyokikandamiza kiegemeo chini na kukiondolea mchezo (kulegea), jambo ambalo saklipu bapa haiwezi kulifanya.

Nashuku kwamba fundi aliyekutangulia alizibadilisha saklipu mbili. Juu kidogo ya hapo ipo nyingine, inayozuia sahani ya mwisho ya klachi ya kati, na hiyo ndiyo inayopaswa kuwa bapa. Itazame kwa makini kabla ya kuendelea. Ukiikuta ina mshazari, umepata jibu, nawe uirudishe kila moja mahali pake. Safisha pia mfuo na uupapase kwa kidole mzunguko mzima, kwani kiegemeo kilichokuwa kikicheza kwa miaka mingi huweza kuwa kimeula ukingo wake, na bodi ya giaboksi (ganda lake la nje) ya namna hiyo haiokolewi na saklipu mpya.

Saklipu ikishaingia sawasawa, funga boliti ya kiegemeo kwa kipimo cha futi-pauni 23, yaani takribani nyutoni-mita 31. Wakati unaikaza, msaidizi wako akisukume kiegemeo kwa nguvu kuelekea upande ulioelekezwa na kitabu, ili meno yake yaegemee kabisa meno ya bodi. Mafundi wengi huiruka hatua hii, nami nakusihi usiiruke, kwa kuwa meno yaliyoachwa na nafasi hugongana kila gia inapobadilika na mwishowe huila bodi ya alumini.

Boliti hiyo ina tundu katikati, na mafuta ya klachi ya kati hupitia humo. Kwa hiyo, kabla hujarudisha bodi ya valvu (kipande chenye valvu zinazoelekeza mafuta), pulizia hewa kwenye tundu hilo na usikilize pistoni ikigonga. Ukisikia hewa ikivuja tu, fungua tena ukague sili za pistoni.